Tamu Iliyosahauliwa Ikawa Chungu

Mimi chuoni nilifunzwa kujitenga na mvinyo, na hadi leo sijauonja. Wenzangu barazani wameniuliza: "Waandikiani kitu usichokinywa?" Jawabu langu ni kuwa kalamu hailewi.

Huko Italia, kaskazini ya Verona, katika milima ya Valpolicella, zabibu huvunwa kisha zikaanikwa darini penye upepo, yapata siku 100 au zaidi, kama tuanikavyo nazi hata zikawa mbata. Maji hutoka, uzito ukapungua kama theluthi, utamu ukazidi. Hapo kale wakitengeneza mvinyo mtamu uitwao Recioto. Yasimuliwa kwamba mwaka 1936 pipa moja lilisahauliwa. Chachu ikala sukari yote, ukatoka mvinyo mkavu na mkali. Ukaitwa Amarone, kutokana na neno "amaro", yaani chungu. Tangu 2010 umo katika daraja ya juu kabisa ya mvinyo za Italia.

Pipa namwachia mwenyewe, fundisho nalichukua. Mtungaji naye na ayaanike maneno yake, asiyakamue kwa pupa. Mashairi mengi tuletewayo ukurasa huu, waama, yangali mabichi.