Java ni nyingi: Kijana wa Kihoto aweke ipi?

KIJANA wa Kihoto, Naivasha, anayenunua kompyuta mtumba na kuiwekea mfumo wa Ubuntu kwa kuwa haulipiwi, hukabiliwa mapema na swali moja: kati ya matoleo mengi ya Java, ni lipi la kuweka?

Swali hilo si dogo katika mtaa ambao wakazi wengi hutegemea kazi katika mashamba ya maua. OpenMRS, programu ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa iliyoanza kubuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Taasisi ya Regenstrief ya Marekani, imeandikwa kwa Java. KenyaEMR, inayotumiwa na vituo vingi vinavyohudumia wenye virusi vya Ukimwi nchini, imejengwa juu ya OpenMRS. Anayetafuta kazi ya kutunza mifumo hiyo hana budi kuifahamu lugha yake.

Kwanza atofautishe JRE na JDK. JRE huendesha tu programu iliyokwisha kuandikwa, ilhali JDK huongeza vifaa vya kuandalia programu mpya. Mwanafunzi achukue JDK.

Kuhusu leseni, Java ilizinduliwa na Sun Microsystems mwaka 1995, na mwaka 2006 kampuni hiyo ikatangaza kuifungua kwa umma. Hapo ndipo ilipozaliwa OpenJDK. Oracle iliinunua Sun mwaka 2010, na tangu 2019 makampuni yakaanza kutakiwa kulipia masasisho mapya ya Java 8 ya Oracle. Mtumiaji wa Ubuntu hana sababu ya kuingia katika mzozo huo, OpenJDK inamtosha.

Penye mtego hasa ni toleo. Wengi hudhani jipya ndilo bora, lakini Java 11, iliyotoka mwaka 2018, iliondolewa sehemu kadhaa zilizotegemewa na programu za zamani. Matoleo mengi ya OpenMRS yaliandikiwa Java 8, hivyo yanaweza kukataa kuwaka juu ya toleo jipya. Basi asome kwanza maelezo ya programu anayoikusudia, kisha aandike:

sudo apt-get update
sudo apt-get install openjdk-8-jdk

Java 8 na 17 zaweza kukaa pamoja katika kompyuta moja. Amri ya "sudo update-alternatives --config java" humwezesha kuchagua itakayotumika. Arudie amri hiyo akiweka "javac" mahali pa "java", kwani programu iliyoandaliwa kwa 17 kwa kawaida hukataliwa na 8. Ndiyo maana ni lazima ahakiki zote mbili kwa "java -version" na "javac -version".

Na kwa wanaohesabu bando: apt-get huyaacha mafaili iliyopakua katika /var/cache/apt/archives. Jirani mwenye toleo lilelile la Ubuntu na kompyuta ya aina hiyohiyo anaweza kuyanakili kwa flashi, bila kuyapakua upya.