PUMZI YAELEZA KAZI YA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma yapata lita 5 za damu katika kila dakika. Huenda wasomaji wetu wakauliza: kiasi hicho kimejulikanaje, hali moyo umefungiwa ndani ya kifua? Kwa mtu ambaye moyo wake umedhoofika, swali hili si la kupitishia wakati, kwani tabibu hana budi kujua kama damu yavifikia viungo vya kutosha.

Mlango wa jibu ulifunguliwa na Ibn an-Nafis, tabibu Mwislamu aliyefanya kazi Cairo katika karne ya 13. Kabla yake matabibu, wakimfuata Galen, walidhani kuwa damu hupenya vitundu visivyoonekana katika ukuta ugawanyao moyo. Ibn an-Nafis, ingawa alikuwa akikifafanua kitabu cha Ibn Sina, ambaye twajua alivyotukuzwa, hakuogopa kusema kuwa ukuta huo hauna vitundu. Damu, alisema, hutoka upande wa kulia, hupita mapafuni ikakutana na hewa, kisha hurudi upande wa kushoto.

Basi ikiwa damu yapita mapafuni, mapafu ni mfano wa forodha, ambapo shehena yaweza kuhesabiwa. Mwaka 1870 Mjerumani Adolf Fick alieleza hesabu yenyewe. Tuseme mtu atumia mililita 250 za oksijeni kwa dakika, na kila lita ya damu huchukua mapafuni mililita 50. Gawanya 250 kwa 50, wapata lita 5. Mtoto wa shule aiweza hesabu hii! Lakini kuijua ile 50 ndiyo taabu, maana yapasa kuteka damu iliyo njiani kwenda mapafuni, na kwa hiyo mpira mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa hata moyoni. Werner Forssmann aliujaribu mwilini mwake mwenyewe mwaka 1929. Njia hii imewafaa wengi, walakini yaweza kuleta maambukizo, au kuyavuruga mapigo ya moyo.

Ndipo ikatafutwa njia isiyochoma mwili. August Krogh na Johannes Lindhard wa Copenhagen waliitangaza mwaka 1912. Katika mashine za siku hizi, mgonjwa hupumua ndani ya mfuko, kwa muda usiotimia dakika moja, hewa iliyotiwa gesi mbili kidogo: moja huyeyuka katika damu, ya pili haiyeyuki. Ile ya kwanza hupungua upesi kadiri damu ipitavyo kwa wingi. Ya pili huonyesha ukubwa wa nafasi iliyo mapafuni na mfukoni. Mashine hupima pumzi na kutoa jibu, hata mgonjwa akiwa juu ya baiskeli ya mazoezi, na hapo moyo huonekana ukiwa kazini.

Lakini damu ipitayo sehemu ya pafu isiyofikiwa na hewa haihesabiwi. Kwa hiyo mwenye maradhi makubwa ya mapafu jibu lake haliaminiki sana, na pengine matabibu wake hulazimika kuurudia ule mpira.