Marmoti wa Pennsylvania: kivuli hakitabiri kitu, ini limefundisha mengi

Kila tarehe 2 Februari, jua likiwa bado halijachomoza, maelfu ya watu hujazana kwenye kilima cha Gobbler's Knob, karibu na mji mdogo wa Punxsutawney katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wanaume waliovaa suti nyeusi na kofia ndefu hubisha kwenye kisiki na kumtoa mnyama mnene mwenye manyoya ya kahawia, jina lake Phil. Mkuu wao humwinamia, mkononi ana fimbo ya mgunga, ambayo eti ndiyo humwezesha kuelewa lugha ya mnyama huyo. Karatasi mbili za utabiri huwa zimekwisha kuandikwa, na Phil "huchagua" moja. Akiona kivuli chake, baridi itadumu wiki sita zaidi. Asipokiona, machipuko yatawahi.

Phil ni marmoti, mgugunaji wa ukoo wa kindi, mwenye uzito wa kilo tatu hadi sita na hodari wa kuchimba mashimo. Mila hii ilifika Pennsylvania na walowezi wa Kijerumani. Kwao ilifungamana na sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ile ambayo Wakatoliki hubariki mishumaa, na mtabiri alikuwa mnyama wa jamaa ya nyegere. Ugenini, marmoti akashika nafasi hiyo. Sherehe za Gobbler's Knob zinahesabiwa tangu 1887, na wenyeji hushikilia kwa uso mkavu kwamba Phil ni yuleyule miaka yote hiyo, ingawa marmoti wa porini hazidishi sana miaka sita.

Je, hupatia? Idara ya Marekani inayofuatilia bahari na anga, NOAA, imelinganisha utabiri wake na vipimo vya joto, ikakuta kwamba kwa miaka ya karibuni amepatia kiasi cha asilimia 35. Kurusha shilingi kungemshinda. Kivuli chenyewe kina chembe ya ukweli: katikati ya kipupwe, anga jeupe mara nyingi huja na hewa kavu na baridi kali, na mawingu huzuia joto lisipotee usiku. Lakini hiyo ni habari ya asubuhi moja, haisemi lolote kuhusu Machi. Isitoshe, wiki sita kuanzia tarehe 2 Februari huishia katikati ya Machi, siku chache tu kabla ya machipuko ya kalenda. Mtabiri gani angekosa kazi kwa masharti hayo?

Phil mwenyewe huishi kwenye makazi yenye joto, kwa hiyo baridi haimsumbui. Ndugu zake wa porini ndio wa kutazamwa. Majira ya baridi hulala ardhini miezi kadhaa bila kula, wakiishi kwa mafuta ya mwili. Moyo unaopiga mara 80 kwa dakika hushuka hadi mapigo kama matano, na joto la mwili huanguka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kila baada ya siku kadhaa mwili hujipasha, mnyama huamka kidogo, kisha hulala tena. Mwanabiolojia Stam Zervanos aliwafuatilia huko Pennsylvania na kuona kwamba madume hutoka mapema Februari, wakapita kwenye mashimo ya majike, kisha wakarudi kulala. Ni ziara ya uchumba. Kupandana ni Machi, watoto huzaliwa Aprili. Wakiwahi, baridi huwaua. Wakichelewa, hawapati muda wa kunenepa kabla ya kipupwe kingine. Saa ya ndani ya mwili na urefu wa mchana ndivyo vinavyowaongoza.

Hadithi kubwa zaidi iko Philadelphia, jimbo hilohilo. Katika bustani ya wanyama ya mji huo, marmoti walionekana kufa kwa saratani ya ini, na mwaka 1978 watafiti walitangaza kwamba wamepata chanzo: kirusi kinachofanana sana na kile cha homa ya ini aina ya B kwa binadamu. Kuanzia hapo marmoti akawa mnyama wa maabara asiye na mfano. Wale wanaoambukizwa wakiwa wachanga na kubaki na kirusi karibu wote hupata saratani ya ini ndani ya miaka michache, jambo ambalo kwa mtu huchukua miongo. Dawa ya entekavia ilipojaribiwa kwao kwa muda mrefu, ilikandamiza kirusi, saratani ikachelewa na wanyama wakaishi zaidi. Leo wagonjwa hutumia dawa hiyo.

Hapo habari inatufikia sisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa na maambukizi sugu ya homa ya ini B, Afrika ikibeba sehemu kubwa. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi: kati ya wachanga, kama tisa kwa kumi hubaki na kirusi, kati ya watu wazima, hawafiki watano kwa mia. Kinga dhidi yake imo katika chanjo ya pentavalenti, ambayo watoto wa Kenya na Tanzania huchomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa hawezi kusubiri hizo wiki sita, ndiyo maana shirika hilo linahimiza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Mjamzito naye apimwe kliniki: akikutwa na kirusi kwa wingi, kuna dawa za kupunguza hatari ya kumwambukiza mwanawe.