Supachaja kwenye Land Cruiser kuukuu: nguvu ya kupanda, hesabu ya kushuka

Lango la Busia lina usafiri wa kila aina. Kuna malori marefu yanayongoja forodha, kuna baiskeli za magurudumu matatu za walemavu zinazovusha mizigo, na kuna boda boda, jina ambalo wengi husema lilizaliwa hapa hapa kwa waendesha baiskeli waliobeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Katikati yao kuna kundi lisilosemwa sana: Land Cruiser, Hilux na Prado za miaka ishirini au thelathini, nyuma zimejaa magunia na zinakokota trela. Haya ndiyo magari ya mfanyabiashara ambaye amekua kuliko boda boda lakini hajafikia lori.

Mwenye gari la namna hiyo hufika siku akachoka. Mahindi yamepanda kutoka magunia kumi na tano hadi thelathini, mlima ni ule ule, na gari linapanda kwa gia ya pili likitoa moshi mweusi. Fundi anamwambia kuna dawa: lifungwe supachaja au tabo, litavuta kama jipya. Fedha inayotakiwa ni mtaji wa safari kadhaa. Je, aitoe?

Kununua gari jipya zaidi si rahisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu litengenezwe, na Uganda tangu mwaka 2018 imefunga mlango kwa yale yaliyopita miaka 15. Yanayobaki ndani ya mipaka hiyo ni ghali. Gari kuukuu ambalo tayari lina namba ya usajili ni mali ya kutunzwa, na ndiyo maana wazo la kuliongezea nguvu halifi.

Dawa yenyewe inaeleweka kirahisi. Injini huchoma mafuta kwa hewa. Injini isiyo na kipulizio huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, kama mtu anayekimbia. Supachaja ni pampu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini na kuisukumia hewa kwa nguvu. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo, ila huzungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Zote mbili ni fikra za zamani. Ndugu wawili wa ukoo wa Roots huko Indiana, Marekani, walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, na kikatumika kupuliza matanuru ya chuma kabla gari halijabuniwa. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya tabo mwaka 1905.

Tofauti yao ni muhimu kwa anayevuta trela. Supachaja hujibu papo hapo, hata injini ikiwa inazunguka polepole, na hilo ni raha unapoondoka na mzigo ukiwa umesimama kwenye mwinuko. Lakini mkanda wake hula sehemu ya nguvu za injini yenyewe, na nguvu hizo hulipiwa kwenye kituo cha mafuta. Tabo huchelewa kidogo kuamka, ila huishi kwa moshi ambao ungetupwa bure. Kwa sababu hiyo injini nyingi za dizeli zina tabo, na supachaja imekaa zaidi kwenye petroli. Injini ya petroli ya V6 lita 3.4 iliyomo kwenye Prado za miaka ya 1990, ile ya 5VZ-FE, iliwahi kutengenezewa supachaja na TRD, kitengo cha Toyota cha magari ya mbio, kwa soko la Marekani. Mwenye Prado hiyo Tororo anaweza kuiagiza iliyotumika. Ajue tu kwamba injini ya petroli inayosukumiwa hewa hugonga mafuta yakiwa hafifu, na kugonga huko hutoboa pistoni.

Sasa mlima. Busia na Tororo ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mombasa hewa hukandamiza kwa takribani psi 14.7, Busia imeshuka hadi kama 12.7. Anayetoka Busia au Malaba kupitia Webuye na Eldoret kwenda Nakuru hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako imebaki kama psi 10.6 tu. Injini inayojivutia hewa yenyewe hupoteza karibu robo ya nguvu zake pale. Kwa hiyo dereva anaposema gari limezeeka kwa sababu linashindwa na Timboroa, mara nyingine gari halina kosa, limenyimwa pumzi. Hesabu hii inaonyesha pia kipimo cha busara: tabo inayosukuma psi 4 juu ya kilele hicho hairudishi zaidi ya hewa ambayo injini ingeipata bure pale Mombasa.

Hapo ndipo mafundi na wateja hupotezana. Mteja akishaonja psi 4 hutaka 12.

Injini inayohusika mara nyingi ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990 na ambayo imebeba mashirika ya misaada, polisi na wafanyabiashara wa mkoa huu wote. Ina nguvu za farasi kama 130 tu, na umaarufu wake wa kutokufa unatokana na kutoombwa mengi. Dizeli yake huwaka kwanza ndani ya chumba kidogo kilicho kwenye hedi kabla moto haujafika juu ya pistoni, na mkandamizo wake ni mkali, zaidi ya 22 kwa 1. Ukiongeza hewa na dizeli, joto hukusanyika mahali hapo hapo. Hedi hupasuka, au pistoni huyeyuka ukingo. Toyota wenyewe walipotaka tabo kwenye ukoo huo hawakuifunga tu juu ya 1HZ. Walitengeneza 1HD-T, yenye hedi nyingine inayomwaga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na mkandamizo uliopunguzwa hadi 18.6 kwa 1.

Haina maana 1HZ haifungwi tabo. Australia wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na magari yao huvuta. Ila wanaofanikiwa hawazidishi msukumo, wengi hubaki kwenye psi 7 au 8, na hufunga kipima joto cha moshi kwenye ekzosi ili dereva aone kwa macho yake linapopanda. Skrubu ya pampu ya dizeli ni rahisi sana kuzungushwa, na fundi asiye na kipima joto hurekebisha kwa sikio na kwa rangi ya moshi. Gari litatoka gereji likiruka. Litaharibika wiki ya sita, na magunia thelathini juu yake.

Kabla ya hapo kuna mambo ya bei ndogo ambayo hayana sifa. Nozeli zilizochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi jekundu, valvu zisizopimwa tangu gari linunuliwe, rejeta iliyoziba, klachi inayoteleza. Injini yenye miaka thelathini inaweza kuwa imepoteza nguvu nyingi kwa hayo pekee, na tabo ikifungwa juu yake itavunja kilichokuwa kinakaribia kuvunjika. Vipuri hivyo hupatikana Kisekka mjini Kampala na kwenye maduka ya Grogan mjini Nairobi, kwa sehemu ndogo ya bei ya tabo. Tena, mwenye magurudumu makubwa kuliko ya kiwandani ajue amejiongezea mlima mwenyewe: tairi kubwa hufanya kila gia iwe nzito zaidi.

Lakini jambo linalosahaulika kabisa liko upande wa pili wa mlima. Mfanyabiashara anayenunua mahindi au viazi Kapchorwa, zaidi ya mita 1,800 kwenye mabega ya Elgon, hupanda na trela tupu. Mzigo huanza safari yake kwa kushuka. Barabara hiyo inateremka kwa kona kali hadi tambarare za Bulambuli, na hapo supachaja haina kazi yoyote. Kinachotakiwa ni breki, na breki za trela. Trela nyingi za kuchomelewa mitaani hazina breki zake, uzito wote husukuma gari kwa nyuma. Ulaya na Australia trela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750. Baadhi ya Land Cruiser huruhusiwa Australia kuvuta hadi kilo 3,500, lakini kwa sharti trela liwe na breki. Magunia thelathini ya kilo mia ni tani tatu kabla ya kupima chuma cha trela.

Mwenye fedha za tabo moja angefunga breki za trela kwanza, hata kama mlima wa Timboroa utaendelea kumtesa. Hakuna atakayemsifu gereji kwa hilo.

Na kuna karatasi. Tangu mpaka wa pamoja ulipofunguliwa rasmi Busia, Februari 2018, gari husimama mara moja upande wa nchi linakoingia, na kila kitu huangaliwa hapo. Namba ya injini imo kwenye kitabu cha gari. Kufunga tabo hakuibadilishi, lakini anayeamua kuweka 1HD-T mahali pa 1HZ ana injini isiyolingana na karatasi zake, na anayesafiri mpakani kila wiki hatapita nayo milele bila kuulizwa. Sheria ya udhibiti wa mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 nayo huanza kuhesabu kwenye uzito wa kilo 3,500, gari na mzigo, kwa hiyo pikapu yenye trela iliyojaa haiwezi kudhani mizani ya Busitema au Webuye ni ya malori peke yake. Kadi ya njano ya COMESA hulipa watu wengine watakaoumizwa, haifidii gari lenyewe. Na kampuni ya bima ambayo haikuambiwa kuwa injini imeongezewa nguvu ina sababu ya kukataa dai lake.

Kwa atakayeendelea na kazi hiyo, mafundi waangalifu humshauri ajaribu gari akiwa na mzigo kamili kabla ya kulipa salio. Akipanda, aangalie kipima joto kwa dakika kumi mfululizo, si kwa mlima mmoja mfupi. Akishuka, asimame chini na anuse magurudumu ya trela.