PIMENI BETRI KABLA YA MWEZI WA BARIDI



Mvua zinaisha, na sisi wa Lubumbashi tunajua kinachofuata. Mji wetu uko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ndipo asubuhi katika yadi husikika stata ikilia polepole, kisha kimya. Dereva aliyetakiwa kuwahi foleni ya Kasumbalesa anabaki ameshika ufunguo.

Wengi husema baridi imeua betri. Sivyo. Betri iliuawa na joto la Septemba na Oktoba, lililokausha maji yake na kuzila sahani za risasi ndani. Baridi inaleta habari za msiba tu. Oili ya injini ikiwa nzito, stata hudai nguvu zaidi, na wakati huohuo betri hutoa kidogo: kwenye nyuzi 0 hata betri nzima hutoa takriban theluthi mbili ya nguvu inazotoa kwenye nyuzi 27. Kwetu hakufiki huko mara nyingi, lakini kwa betri mbovu nyuzi 7 zinatosha.

Basi pimeni sasa, mwezi huu wa nne. Gari lilale usiku, lipimwe kabla ya kuwashwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Mwenzako apige stata huku unatazama mita: ikianguka chini ya 9.6, betri hiyo haitamaliza kipupwe. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4, pungufu ya hapo, tazameni altaneta na mkanda wake kabla ya kuilaumu betri. Kwenye betri zenye vifuniko, maji yazifunike sahani, na yanayoongezwa ni maji safi ya betri, si asidi, wala si ya bomba. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri husafishwa kwa magadi na maji ya moto. Mkifungua waya, anzeni na hasi. Mkirudisha, hasi iwe ya mwisho, spana isije ikagusa bodi na kutoa cheche.

Malori yetu yana betri mbili zinazotoa volti 24. Matajiri hupenda kununua moja mpya na kuiacha kuukuu iendelee. Ile mpya huburutwa na mwenzake, na hasara huwa mbili.

Sasa tuseme lililotufanya tushike kalamu. Mwaka jana, mwezi wa saba, katika yadi ambayo hatutaitaja, lori lilikataa kuwaka saa kumi na nusu alfajiri. Utingo alifungua vifuniko vya betri iliyochajiwa usiku kucha, akawasha kiberiti ili aone maji. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka kwa cheche moja. Asidi ilimrukia machoni. Kilichomwokoa ni madumu mawili ya maji ya kunywa: wenzake walimlaza, wakamwagilia zaidi ya dakika 20 bila kuacha, ndipo wakampeleka hospitali. Anaona. Lakini mwisho wa mwezi dereva alikatwa bei ya betri kwenye mshahara, kwa madai ya uzembe.

Dereva huyo alikuwa ameeleza tangu Aprili kwamba betri imechoka. Alieleza kwa mdomo, na mdomo hauna sahihi. Kila kipimo kiandikwe katika daftari la gari: tarehe, volti, jina la aliyepokea taarifa. Nakala ibaki kwa mjumbe wa chama.

Na miwani je? Yule utingo hakuwa nayo, aliambiwa ajinunulie. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu 2022 mkataba huo umewekwa katika mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake hulibana kila taifa mwanachama, liwe limeuridhia au la.

Betri iliyokufa nayo isipasuliwe nyuma ya gereji kutafuta risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia majirani sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Katika mkutano wa Mei wajumbe wetu watadai miwani, glavu, tochi na pipa la maji safi katika kila yadi kabla ya tarehe 1 Juni. Majibu ya matajiri tutayachapa katika ukurasa huu.