Kodeki za Simu za Intaneti

Mwaka 2021 sisi tuliosoma hapa zamani tulichanga fedha, tukainunulia shule simu kumi za mezani za kupigia kwa njia ya intaneti. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuzichagua, nami nilitazama bei tu. Siku ya kwanza bweni lilizungumza na ofisi, sauti safi kabisa. Usiku mtoto mmoja akashikwa na homa kali. Mlezi wa bweni akampigia baba yake, simu ikakatika papo hapo. Akajaribu mara tatu. Mwisho alitumia simu yake ya mkononi, kwa fedha yake mwenyewe. Kosa lilikuwa langu, na nataka kuwaeleza lilivyokuwa.

Sauti ya mtu haipiti katika intaneti kama ilivyo. Hapana budi igeuzwe tarakimu, ikatwe vipande vidogo vidogo, kisha upande wa pili irudishwe kuwa sauti. Kanuni ya kugeuza hivyo huitwa kodeki. Simu mbili zitakapo kuzungumza, kila moja hutaja kodeki inazozijua. Zisipopata hata moja ya pamoja, hapana mazungumzo. Simu zetu zilijua G.711 na G.722, na njia ya nje tuliyokodi ilikubali G.729 peke yake.

G.711 ni ya mwaka 1972. Huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni biti 8, yaani kilobiti 64 kwa sekunde. Lakini kila kipande husafiri na anwani yake, kama barua katika bahasha. Ukituma vipande 50 kwa sekunde, kama ilivyo desturi, zile 64 zawa 80. G.729 huibana sauti mpaka kilobiti 8. Pamoja na bahasha ni 24. Tazameni, bahasha imeishinda barua kwa uzito! Basi njia ya kilobiti 256 yabeba mazungumzo 3 ya G.711, au 10 ya G.729. Ila G.729 ilitengenezwa kwa maneno ya mtu. Kwaya ikiimba humo mtacheka.

G.722 hula kilobiti 64 vilevile, lakini hufikisha sauti mpaka hezi 7,000, ambapo simu ya kawaida huishia 3,400. Opus, ya mwaka 2012, ndiyo niipendayo: huweza kushuka mpaka kilobiti 6 njia ikiwa mbovu. Simu za mezani za kabla yake hazina.

Mtambo wa kuunganishia simu waweza kuwa mkalimani kati ya kodeki mbili, ila kazi hiyo huuchosha, na sauti hupungua uzuri. Sisi tulimwomba mwenye njia atufungulie G.711, akakubali baada ya wiki mbili.

Mtakao kununua, mwulizeni kwanza mwenye njia kodeki zake, awaandikie, ndipo mwende dukani. Katika simu G.711 huandikwa PCMA au PCMU. Ya pili ni ya Marekani na Japani, ya kwanza ndiyo yetu huku Uganda. Iwekeni juu katika orodha, kisha pigeni simu ya nje kabla ya kumaliza kulipa.