Moyo Mpya Katika Mwili Mkuukuu: Uteuzi wa Injini Mbadala kwa Magari ya Kambi Katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mtu anayepoteza asubuhi yake akikagua mipini ilhali wenzake wamekwisha kufika shambani. Hata hivyo, zipo zana ambazo asiyezichagua kwa makini hujikuta hana jembe wala shamba. Miongoni mwazo ni injini ya gari kuukuu.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Nyeri hadi Naro Moru, Nanyuki na Meru, magari ya Toyota HiAce na Nissan Caravan yamezilisha familia nyingi kwa miaka mingi. Baadhi yake yalianza maisha yakiwa matatu. Mengine yalitiwa paa la kuinuka ili watalii wasimame na kuwatazama ndovu wa Aberdare na faru wa Ol Pejeta. Yakishachoka na kazi hizo, baadhi hutiwa vitanda, jiko la gesi na tangi la maji, yakawa magari ya kambi yanayowapeleka wageni hadi malango ya mlima kama vile Naro Moru na Sirimon. Bodi huweza kudumu, lakini injini huchakaa. Moshi huzidi, oili hupungua, na hatimaye gari hushindwa na mwinuko ambao zamani liliupanda bila taabu.

Hapo mwenye gari hukabiliwa na uamuzi mzito. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limepitisha umri wa miaka minane, kwa hiyo hawezi kuagiza jingine la umri na bei kama ya lake. Gari la miaka ya karibuni humtaka mkopo mkubwa. Kuifufua injini ile ile hufaa iwapo bloku na kombo bado ni nzima. Vinginevyo, njia iliyobaki ni kutafuta injini nyingine, ambayo mara nyingi huwa imetumika Japani. Makala haya yanaeleza mambo anayopaswa kuyapima. Hoja yake kuu ni kwamba injini bora si ile yenye nguvu nyingi kuliko zote, bali ni ile inayopatana na mwinuko, mafuta, bodi na fundi wa mahali gari linapofanyia kazi.

Mwinuko na Wepesi wa Hewa

Jambo la kwanza ni hewa. Injini huchoma mafuta kwa msaada wa oksijeni, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Mji wa Nyeri uko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki takribani mita 1,950. Kwa makadirio ya kawaida, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo, injini inayotoa nguvu-farasi 90 ikiwa Mombasa hutoa zipatazo 72 hadi 75 ikifika Nanyuki. Aidha, dizeli ile ile ikiingizwa penye hewa pungufu haiungui yote, na mabaki yake hutoka yakiwa moshi mweusi.

Tabo husaidia kwa sababu huisukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Gari la kambi lililobeba watu sita, mahema, maji na chakula huhisi tofauti hiyo kwenye mpando wa kutoka Sagana kwenda Karatina, na zaidi kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru inayopitia Timau. Lakini tabo huongeza joto, na milimani joto lina hatari yake. Huko Nanyuki maji yaliyo wazi huchemka yafikapo karibu nyuzi 93, wala si 100. Rejeta hulizuia jambo hilo kwa kuyaweka maji chini ya shinikizo, mradi kifuniko chake kiwe kizima. Mtu anayenunua injini yenye tabo na kubakiza rejeta iliyoziba amenunua hasara.

Kasi haina umuhimu mkubwa hapa. Tangu kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kinachotafutwa ni nguvu ya kuvuta wakati injini inazunguka polepole, si mbio.

Injini Zinazoshindaniwa

Kwa mwenye HiAce ya zamani, jamii ya kwanza ni ile ya L: 2L yenye sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Hizi ni injini za dizeli zisizo na tabo katika maumbo yake ya kawaida, na pampu yake huendeshwa kimitambo. Kwa kuwa ni ndugu, 5L huweza kukaa mahali pa 2L au 3L bila mageuzi makubwa. Udhaifu wake ni uzito wa kupanda, pamoja na mkanda wa taimingi usiostahili kusahauliwa, kwani ukikatika huweza kuharibu vali.

Kwa mwenye Nissan Caravan ya toleo la E24, TD27 yenye sentimita za ujazo 2,663 ndiyo iliyozoeleka. Taimingi yake huendeshwa na gia, si mkanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya kusifiwa kwa uvumilivu.

Jamii ya pili ni ya injini zenye tabo. 1KZ-TE, yenye ujazo wa 2,982, huvuta vizuri zaidi mlimani, lakini hedi yake ya alumini hupasuka kwa urahisi ikipata joto kupita kiasi. 1KD na 2KD zilizoifuata zina nguvu zaidi na hutumia mafuta kwa uangalifu. Hata hivyo, hutegemea kompyuta, vihisio vingi, na pampu inayosukuma dizeli kwa shinikizo linalozidi mara 1,300 ya lile la hewa ya kawaida.

Mafuta na Fundi

Pampu ya namna hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe, nayo nozo zake zina vitundu vidogo mno. Kwa hiyo ubora wa mafuta huwa suala la uhai. Hali imeimarika. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, zilianza kutumia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Na mwaka 2018 Kenya iliitoza mafuta ya taa ushuru wa ziada wa shilingi 18 kwa lita ili kuwavunja moyo waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hupunguza ulainishaji, na pampu ya kisasa huumia upesi kuliko ile ya kizamani.

Swali linalofuata ni la fundi. Pampu ya 3L huweza kufunguliwa na kurekebishwa katika gereji nyingi za jua kali. Injini ya kompyuta humtaka fundi mwenye chombo cha kusoma hitilafu. Gari likizimika karibu na lango la Sirimon jioni, wageni wakiwa ndani, mwenyewe hatajali jinsi injini yake inavyosifiwa. Atajali kama Nanyuki kuna mtu anayeijua na duka lenye kipuri chake. Kipuri kikikosekana huko, safari huishia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na siku mbili za kazi zikawa zimepotea.

Ukipenda Boga

Ukipenda boga, penda na ua lake. Injini ya jamii nyingine huja na madai yake: vishikio vipya, gia boksi inayolingana, propela iliyokatwa au kurefushwa, nyaya na kompyuta. Kuhama kutoka petroli hadi dizeli hugusa hata tangi na mabomba yake. Juu ya yote, nguvu zikiongezwa bila breki kuongezwa, gari lililopewa uwezo wa kupanda hunyimwa uwezo wa kuteremka salama. Ndiyo maana bei ya injini pekee haipaswi kulinganishwa na bei ya injini nyingine. Kinacholinganishwa ni gharama ya gari likiwa tayari barabarani.

Hapa lugha nayo ina kazi. Muuzaji husema injini ni "kamili", na mnunuzi huelewa kuwa starta, alteneta, pampu na kompyuta zimo. Baadaye hugundua kwamba ukamilifu huo ulikuwa wa bloku na hedi tu. Basi kila kifaa kitajwe kwa jina katika risiti, pamoja na muda wa dhamana.

Kabla ya Kulipa

Injini iwashwe ikiwa baridi, kwa sababu iliyopashwa moto mapema huficha uchovu wake. Na asubuhi za Naro Moru hazimsamehe mwenye injini yenye mgandamizo hafifu. Mgandamizo wa kila silinda upimwe, na vipimo vikaribiane. Kifuniko cha oili kifunguliwe: moshi mwingi ukitoka kwa msukumo, pete za pistoni zimekwisha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia.

Mwisho ni karatasi. Namba ya injini huandikwa katika kitabu cha usajili wa gari, na mabadiliko yake sharti yasajiliwe kwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Namba iliyokwaruzwa, au injini isiyo na risiti wala hati za forodha, iachwe hata ikiwa nafuu kiasi gani. Huenda imeibwa, na gari zima likazuiliwa kwa sababu yake.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba hakuna injini moja inayomfaa kila mtu. Anayebeba mizigo mizito kuelekea Timau kila juma, na mwenye fundi wa kompyuta karibu, ana sababu ya kutafuta tabo. Anayesafiri mara chache na kulala mbali na miji atatulizwa zaidi na 5L au TD27, hata ikiwa itapanda polepole na kupitwa na matatu za Nyeri. Kila mmoja na aanze kwa kuitaja barabara yake, mzigo wake na fundi wake, ndipo aulize bei.